Namna ya kuisoma nyumba ya mawe ya zama za ukoloni mjini Bukavu

Siku fundi anapoanza kubandua lipu ya zamani, sehemu kubwa ya ushahidi wa historia ya nyumba hutoka pamoja na kifusi na kwenda kuziba mashimo ya barabara. Kwa sababu hiyo, kazi ya kuisoma nyumba ni lazima itangulie kazi ya kuikarabati, hata kama mwenye nyumba ana haraka na mvua za Septemba zimekaribia. Mwongozo huu unamhusu mtu aliyerithi, aliyenunua au anayepanga nyumba ya mawe ya enzi ya Wabelgiji huko Muhumba, Nguba, La Botte au kwingineko katika komini ya Ibanda, naye angependa kujua ilijengwa lini, kwa vifaa gani, na ni watu gani walioishi na kufanya kazi ndani yake. Huhitaji kuwa mhandisi. Unahitaji siku kadhaa za kuangalia, subira ya kuuliza, na mazoea ya kutoliamini jibu la kwanza.

Kabla ya kufungua futi yako, jitambulishe. Mjini kwetu mtu anayeonekana akipima kuta za nyumba ya watu hudhaniwa mara moja kuwa ametumwa na mnunuzi au na mtu mwenye madai juu ya parseli, yaani kiwanja, na ugomvi wa parseli umevunja undugu wa familia nyingi. Kama nyumba si yako, onana kwanza na wenyewe, kisha na shefu wa avenyu, na ueleze kwamba hutafuti mipaka. Majirani wawili watatu nao wakijua, utafanya kazi kwa amani.

Vifaa ni vichache: futi ya mkanda ya mita tano na nyingine ndefu zaidi, timazi, pima maji, tochi, msumari mmoja, daftari la miraba, na simu inayopiga picha nzuri. Tumia penseli, kwa kuwa wino wa kalamu huvuja karatasi ikipata unyevu, na unyevu hautakosekana. Panga kufika mara mbili: wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Agosti, ili upime na kupanda darini bila hatari ya kuteleza, na mara nyingine mvua inaponyesha, ili uone kwa macho yako maji yanapoingilia na yanapotokea. Nyumba iliyokaguliwa wakati wa jua pekee huwa imekaguliwa nusu.

Anza chini, tena nje

Watu wengi huanzia mlangoni na kutazama sebule. Anzia kwenye msingi, kwa sababu kuta za juu zimepakwa rangi na kusiribwa upya mara nyingi, ilhali sehemu ya chini ya ukuta, ile inayoinuka kutoka ardhini hadi usawa wa sakafu, huachwa kama ilivyo kwa miaka mingi. Bukavu imekaa juu ya miamba ya basalti, yaani mawe yaliyotokana na volkeno za kale, ambayo kwa sehemu kubwa yameoza na kuwa udongo mwekundu wa mfinyanzi tunaouona kila mteremko unapokatwa. Jiwe lenyewe, pale ambapo halijaoza, ni la rangi ya kijivu iliyokolea au karibu nyeusi, ni zito kuliko unavyolitarajia, na wakati mwingine lina vitundu vidogo vilivyoachwa na gesi lava ilipokuwa ikipoa.

Tazama jinsi mawe yalivyopangwa. Yakiwa na maumbo tofauti, yakajazwa kwa vipande vidogo katikati, ni kazi ya mawe yaliyovunjwa tu kwa nyundo. Yakiwa na nyuso zilizochongwa na kingo zilizonyooka, kuna mchongaji aliyelipwa kwa kazi hiyo, nawe ukielekeza mwanga wa tochi kwa ubavu, utaona alama za patasi yake, vishimo vidogo vilivyofuatana kwa mstari. Mara nyingi utakuta namna zote mbili katika ukuta mmoja: mawe yaliyochongwa yamewekwa kwenye pembe na kuzunguka milango na madirisha, na mawe yasiyochongwa yamejaza sehemu iliyobaki. Huo haukuwa ubahili. Pembe na vizingiti ndivyo vinavyobeba uzito na kuzuia ukuta usifunguke, na fundi mzuri alipeleka nguvu zake huko.

Sasa pima unene wa ukuta kwenye dirisha. Ukuta wa mawe yasiyochongwa unaobeba paa haujengwi kirahisi chini ya sentimeta 40, maana lazima uwe na uso wa nje, uso wa ndani, na mawe marefu yanayozishika nyuso hizo mbili pamoja. Ukipata sentimeta 20 au 25, basi huo ni ukuta wa matofali ya kuchoma au wa zege uliovikwa mawe membamba kwa urembo. Angalia pia ubavu wa dirisha: jiwe likiingia hadi ndani, ukuta ni wa mawe, likiishia baada ya upana wa vidole vinne, umevikwa. Kuna hata kuta ambazo “mawe” yake ni lipu ya simenti iliyochorwa mistari ingali mbichi. Nyumba nyingi tunazoziita za mawe ni mchanganyiko: msingi na sehemu ya chini ni basalti, na kuanzia usawa wa sakafu kwenda juu ni matofali yaliyosiribwa. Ziandike hivyo zilivyo. Nyumba haipungukiwi heshima kwa kuwa na matofali.

Chokaa au simenti

Hapa ndipo ninapokuomba utumie muda mrefu kuliko kwingine kote, kwa sababu kosa linalofanyika mara nyingi katika ukarabati hutokea hapa. Chukua msumari, tafuta sehemu ya kiungio ambayo haijaguswa, kwa mfano nyuma ya bomba la maji ya mvua au chini ya ngazi, kisha ukwaruze. Kiungio cha chokaa hukubali msumari na kuacha unga mweupe au wa rangi ya maziwa yaliyochanganyika na mchanga. Kiungio cha simenti hugoma, huacha mstari mwembamba wa kijivu, na msumari hupiga kelele. Ukikuta simenti ngumu usoni na unga wa chokaa nyuma yake kwa kina cha vidole viwili, umegundua kwamba kuna mtu aliyeziba upya viungio baada ya ujenzi, na ukarabati huo una tarehe yake ya kutafutwa.

Tofauti hii haiishii kwenye historia. Basalti nzito hainywi maji kwa urahisi, kwa hiyo unyevu ulioingia ndani ya ukuta wa mawe hutafuta njia ya kutokea kwenye viungio. Kiungio cha chokaa kina vinyweleo, hivyo maji hupita na kukauka. Ukikiziba kwa simenti kali, maji hubaki ndani, hupanda, na kutokea upande wa chumbani ambako lipu huanza kuvimba na kutoa chumvi nyeupe. Kisha mwenye nyumba huona unyevu na kuagiza simenti zaidi. Nimeshuhudia nyumba moja ya Nguba ambayo chumba chake cha kulala kilikuwa kikavu hadi mwaka ambao viungio vya nje “viliimarishwa”.

Kama nyumba iko kwenye mteremko, na katika mji huu ni nadra isiwe hivyo, kagua pia ukuta unaozuia udongo nyuma au chini yake. Ukuta uliojengwa vizuri una matundu madogo yaliyoachwa makusudi ili maji yaliyokusanyika nyuma yake yatoke. Hesabu matundu hayo, angalia mangapi yameziba kwa majani na udongo, na uandike. Udongo mwekundu uliolowa husukuma kwa nguvu kubwa, na mji wetu unajua vizuri maana ya mteremko kuporomoka.

Umbo la nyumba na tarehe yake

Mji ulipewa rasmi jina la Costermansville mwaka 1927, kwa kumkumbuka Paul Costermans aliyekuwa makamu wa gavana mkuu, na ukaendelea kuitwa hivyo hadi mapema katika miaka ya 1950 ulipotambulika kwa jina la Bukavu. Nyumba nyingi za mawe na matofali unazoziona kwenye rasi zinazoingia Ziwa Kivu ni za kipindi hicho na cha miaka michache iliyofuata. Wajenzi wa miaka ya 1930 na 1940 walipenda mtindo wa Art Deco: pembe zilizoviringwa badala ya kukatwa, mikanda ya lipu inayozunguka nyumba kwa mlalo, madirisha ya duara kama ya meli, na ukingo wa juu uliopanda kwa ngazi ngazi ukilificha paa. Baada ya vita kuu ya pili, hasa wakati wa mpango wa maendeleo wa miaka kumi wa 1949 hadi 1959, zege lilitumika kwa wingi zaidi, mapaa bapa yakaonekana, fremu za madirisha zikawa za chuma, na vizuia jua vya zege vikawekwa mbele ya madirisha mapana.

Usikimbilie, hata hivyo, kuandika tarehe kwa kuangalia mtindo peke yake. Nyumba ya kwanza niliyoichunguza ilikuwa na baraza ya nusu duara iliyopendeza sana, nami nikaandika kwa ujasiri kwamba nyumba yote ni ya miaka ya 1930. Mzee mmoja mwashi alinichukua kwa mkono, akanipeleka pale baraza inapokutana na ukuta wa mawe, akaniuliza ninaona nini. Niliona mstari ulionyooka kutoka chini hadi juu, bila jiwe hata moja linalouvuka. Kuta mbili zilizojengwa siku moja hufumana, jiwe la huku likiingia kule. Zikiachana kwa mshono mmoja ulionyooka, moja imekuja kuegemezwa kwenye nyingine. Nyumba ilikuwa ya zamani kuliko baraza yake. Tangu siku hiyo huzunguka nyumba mara moja nikitafuta mishono peke yake, kabla ya kuutazama urembo wowote.

Kuhusu neno baraza, si vibaya kukumbuka kwamba Wabelgiji waliokaa Kongo walilichukua kutoka kwetu na kuliandika barza katika Kifaransa chao, kwa hiyo ukilikuta kwenye mchoro wa zamani, usifikiri ni kosa la mwandishi.

Paa, halafu ndani

Kwenye paa, taja kinachoonekana leo na utafute kilichotangulia. Panda darini na tochi uangalie kenchi. Papi, yaani mbao nyembamba zinazoshikilia paa, zikiwa zimekaribiana sana chini ya manjanja (mabati), huonyesha kwamba paa liliwahi kubeba vigae, kwa kuwa vigae huhitaji papi nyingi na mbao nene, ilhali bati halihitaji mzigo huo wote. Kuwa mwangalifu na jambo moja: mabamba ya kijivu ya mawimbi yaliyotengenezwa kwa simenti na nyuzi, ambayo yalitumika sana katika miaka ya mwisho ya ukoloni, huwa na asbesto. Yakiwa mazima na hayaguswi hayana ugomvi na mtu, lakini ukiyakata, ukiyatoboa au ukiyasugua, vumbi lake huingia mapafuni na kuleta magonjwa baada ya miaka mingi. Piga picha kutoka mbali na uandike mahali yalipo.

Ndani ya nyumba, sakafu husema zaidi ya kuta. Karo za simenti zenye michoro ya rangi zilipangwa kufuata ukubwa wa chumba, zikiwa na pindo la karo za aina nyingine pembezoni. Pindo hilo likikatiza katikati ya sebule, au ukikuta mkanda wa simenti tupu wenye upana wa ukuta, hapo palikuwa na ukuta uliobomolewa. Angalia kama kuna meko ya kuotea moto sebuleni. Kwa mji ulio kwenye kimo cha takriban mita 1,500 usiku wa kiangazi una baridi, na wenyeji wa kwanza wa nyumba hizo waliyajenga kwa matumizi. Kagua pia nyaya za umeme. Kituo cha kuzalisha umeme cha Ruzizi I kilianza kufanya kazi mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa hiyo katika nyumba iliyotangulia mabomba ya nyaya mara nyingi yametembezwa juu ya lipu, kwa kuwa yalikuja baada ya kuta kukamilika. Hili ni dalili, na dalili moja haitoshi kuthibitisha.

Usiishie kwenye nyumba kubwa. Nyuma ya uwanja, karibu na jiko, kuna boyeri, vile vyumba viwili vitatu vya watumishi, vyenye kuta nyembamba, madirisha madogo na mlango usioonekana kutoka barazani. Ipime kwa uangalifu ule ule ulioutumia sebuleni. Mji wa ukoloni uliwatenga watu kwa sheria na kwa ramani: Wazungu kwenye rasi, Waafrika Kadutu na baadaye Bagira. Mpishi na mtunza bustani walikuwa miongoni mwa wachache walioruhusiwa kulala upande huu, nao walilala pale. Fuatilia njia kutoka boyeri hadi jikoni, na kutoka jikoni hadi chumba cha kulia, uone ni milango mingapi ilihitajika ili chakula kifike mezani bila aliyekipika kupita barazani. Katika uchunguzi mwingi niliousoma juu ya nyumba hizi, boyeri haikuchorwa kabisa, kana kwamba nyumba ilijipikia.

Nyufa

Tarehe 3 Februari 2008 mji ulitikiswa na tetemeko la ukubwa wa 5.9, na nyumba nyingi bado zina makovu yake. Ufa wa tetemeko huanza kwenye pembe ya dirisha au mlango na kupanda kwa mshazari, wakati mwingine ukikatana na mwingine kama herufi X. Ufa wa msingi unaotitia huwa mpana zaidi upande mmoja, juu au chini, na timazi itaonyesha kwamba ukuta umeinama. Matundu ya mviringo yenye kingo zilizobanduka ni jambo jingine, huenda ni alama za risasi: mamluki wa Jean Schramme waliushikilia mji kuanzia Agosti hadi Novemba 1967, vita vilirudi Oktoba 1996, na mapigano yakatokea tena katikati ya 2004. Usiyazibe kabla ya kuyapiga picha.

Ili kujua kama ufa bado unatembea, bandika kipande chembamba cha plasta ya jasi juu yake, upana wa vidole vitatu, na uandike tarehe juu ya plasta hiyo kwa penseli. Ikikatika baada ya miezi michache, ukuta unasogea na unahitaji mhandisi wa kweli. Ikibaki nzima baada ya msimu mzima wa mvua, ufa umelala.

Karatasi na wazee

Omba kuona karatasi za nyumba ukiwa umeshaimaliza kazi ya kuta, ili karatasi zisikuambie nini cha kuona. Cheti cha uandikishaji, kinachotunzwa na mhifadhi wa hati za mali zisizohamishika, kina mchoro wa kiwanja na mfuatano wa majina ya wamiliki. Hata bila tarehe, kichwa cha karatasi kitakusaidia. Ikiandikwa Costermansville kama jina la jimbo, ni kati ya 1933 na 1947, kwani baadaye jimbo liliitwa Kivu. Sud-Kivu kama jimbo huanza mwaka 1988. Na Jamhuri ya Zaire ni ya 1971 hadi 1997. Karatasi inayotaja Comité National du Kivu, iliyoundwa mwaka 1928 kugawa ardhi kwa walowezi, inaonyesha kiwanja kilikoanzia. Angalia kwa makini tarehe mbili: sheria ya tarehe 20 Julai 1973 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya Dola, hivyo kuanzia hapo maneno ya hati hubadilika kutoka umiliki wa kiwanja kuwa haki ya kukitumia, na tarehe 30 Novemba mwaka huo huo Mobutu alitangaza zairianizasio, iliyohamisha mali nyingi za wageni mikononi mwa wazalendo. Uliza pia kama nyumba imewahi kuorodheshwa chini ya sheria ya 15 Machi 1971 inayolinda mali za utamaduni, maana ikiwa hivyo, kibali kinahitajika kabla ya kugusa chochote.

Kwa mapicha ya zamani, Jumba la Makumbusho la Tervuren nchini Ubelgiji lina hazina kubwa, na parokia za kale zina shajara ambazo mapadri waliandika karibu kila siku.

Wazee usiwaulize nyumba ilijengwa mwaka gani. Mwaka ni kitu cha karatasi. Mtu hukumbuka kwa matukio. Uliza hivi: “Mzee, Schramme alipoingia mjini, baraza hii ilikuwa imekwisha kufunikwa?” Au: “Mama, uhuru ulipokuja, nani alikuwa anaamka asubuhi kuwasha moto jikoni hapa?” Swali la pili ndilo lililonipatia majina ya wapishi wawili na la mwashi mmoja, ambayo hayapo kwenye hati yoyote. Sikiliza bila kukatiza, na usiandike mbele ya mtu kabla hajakubali.

Kuandika ulichokipata

Chora ramani ya sakafu kwa kipimo cha sentimeta moja kwa mita moja, boyeri ikiwemo. Kisha andika maelezo yako katika sehemu tatu zisizochanganyika: ulichokiona, ulichoambiwa na nani, na unachokidhani. Msomaji wa baadaye anaweza kukubishia katika sehemu ya tatu bila kuipoteza ya kwanza. Weka kipande cha kiungio cha zamani na karo moja iliyovunjika katika mfuko, uandike vilitoka ukuta gani. Nakala moja ya daftari ibaki ndani ya nyumba, nyingine kwa ndugu anayeishi mbali nayo.

Baada ya hapo mwite fundi. Mpe nakala ya mchoro, mwonyeshe mishono, na uchague pamoja naye sehemu mbili za ukuta, kila moja ukubwa wa mlango wa kabati, moja nje na moja ndani, ambazo lipu, rangi na viungio vyake havitaguswa. Zizungushie mstari wa chaki kabla hajashika nyundo, na urudi jioni ya siku ya kwanza kuhakikisha kwamba mstari bado upo.